Bibi Fatouma binti Massoudi Hakuacha Mume

Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri na nyiradi zake, marehemu Bibi Fatouma binti Massoudi alikuwa akifagia kiwanja cha nyumba yake, avenue ya kumi na tisa, kule Buyenzi, mjini Bujumbura. Alianzia jikoni, akaja chini ya mlimau, akapita bombani, akafika kwenye lango la chuma, na hapo akasimama. Taka zilibaki zimekusanyika juu ya kizingiti cha sementi. Kuzisukuma nje hakuzisukuma. Alikuwa akiita mtoto yeyote apitaye: "We mutoto, njoo unitolee hii." Watoto wa avenue ile wamekua wakijua kwamba kumtolea Bibi taka ni kazi yenye andazi ndani yake. Wengine wamekuja leo wakiwa na watoto wao.

Kwetu Waislamu kusoma wasifu si desturi kubwa. Maiti huombewa dua, yakatosha. Lakini huu marehemu aliuomba mwenyewe. Alipofariki jirani yetu Télesphore, mume wa mama Caritas, Bibi alisikiliza wasifu wake akiwa amekaa juu ya kinu upande wake wa ukuta, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Ulipokwisha akaita kwa sauti: "Caritas! Pole sana, dada yangu. Lakini mbona hawakusema alikuwa anakoroma mupaka huku kwangu?" Mama Caritas akacheka katikati ya machozi hata kitambaa kikamwanguka kichwani. Jioni ile Bibi akawaambia wanawe: "Na mi mutanisomea. Lakini museme yote, musinipake sukari." Basi yote yasemwe.

Alizaliwa Buyenzi tarehe 3 Aprili 1952, mtoto wa kwanza wa mzee Massoudi, fundi wa baiskeli. Mama yake aliuza ndagala, dagaa wa ziwani. Wazee wanaomkumbuka utotoni wanasema hakuna mtoto aliyekuwa na miguu kama ile. Kumtuma chumvi ilikuwa kumtuma safari, maana dukani alikwenda kwa kupitia ziwani. Mama yake alikuwa akisema, "Huyu nitamutafutia mume mwenye lori."

Shule ya msingi alisoma miaka miwili tu. Alipozaliwa mdogo wake Sijaona, mama alihitaji mikono nyumbani, na mikono iliyokuwapo ilikuwa ya Fatouma. Chuo cha Kurani hakukiacha. Alihitimu msahafu mwaka 1965, mzee Massoudi akachinja mbuzi, na majirani wa dini zote mbili wakala.

Tarehe 10 Oktoba 1970 aliolewa na Tajudini, baharia wa meli za mizigo zinazotoka bandari ya Bujumbura kwenda Kigoma. Walipata watoto wawili, Shakuru na Amira. Isemwe kwa haki ya Mungu: miaka ya kwanza ilikuwa mizuri. Mzee Tajudini alikuwa mcheshi, alirudi safari na kanga, na jioni alimtembeza mke wake hadi ufukweni wakila karanga. Hasira alikuwa nazo, lakini zilikuwa za kuchekwa zikipoa.

Ikaja arusi ya Sijaona. Alhamisi tarehe 21 Agosti 1986, arusi ikiwa Jumamosi, Mzee Tajudini alikuwa akifunga mfuko wake kwenda bandarini, na alikuwa amenuna. Wakwe zake walikuwa wamegawana kazi za arusi, nani asimamie nyama, nani apokee wageni, na yeye wakamsahau.

"Kwa hiyo arusi huendi," alisema.

"Tajudini, ni mudogo wangu. Tumbo moja. Nani atamupaka hina?"

"Wamupake wale wanaojua kugawa kazi."

"Basi niende saa ya hina tu, nirudi."

Alikuwa amekwisha kutoka, mfuko uko begani. Akageuka, akanyoosha kidole kwenye kizingiti. "Fatouma, sikia vizuri. Ukivuka huu mulango mbele mi sijarudi, umeachika. Talaka tatu!"

Upande wa pili mama Caritas alikuwa akianika nguo. Shuka likambaki mkononi.

Safari ya Kigoma ilikuwa ya siku chache. Bibi akasema, nitavumilia mpaka arudi. Siku ya arusi Sijaona aliomba gari lake lipitishwe avenue ya kumi na tisa. Likasimama, na Bibi akampaka mdogo wake hina ya kidole kimoja, yeye akiwa ndani ya lango, bibi arusi akiwa nje, wote wawili wakilia na kucheka. Baadaye akaingiwa na hofu: je, mkono unahesabiwa? Shehe wa mtaa, Ilyasi, akamwambia mkono si kutoka.

Wiki iliyofuata meli ilirudi, mume hakurudi. Nahodha alisema ameshuka Kigoma, ameahidi kupanda inayofuata. Inayofuata ikaja. Ikaja na nyingine.

Shehe Ilyasi, wakati ule akiwa kijana mwenye ndevu nyeusi, alimweleza hukumu kama anavyoijua. "Maneno ya namna hii yanakwenda na nia ya aliyeyatamka. Kama alikusudia ile arusi tu, basi yamekwisha na arusi, tembea. Kama alikusudia mpaka arudi kweli, ukivuka hapana ndoa tena. Nia iko moyoni mwake. Aulizwe."

Wakatumwa mabaharia kumuuliza. Walirudi na salamu. "Tumemuona sokoni Kigoma, amesema musalimieni mama Shakuru." Jibu la swali hakuna aliyerudi nalo.

Watu walimchosha kwa ushauri. Shehe mwenyewe alimwambia mke wa mume aliyepotea anaweza kuomba ndoa yake ivunjwe.

"Hajapotea, shehe," Bibi alijibu. "Yuko Kigoma, ananunua nyanya."

Hofu yake ilikuwa moja, na aliisema wazi. Hakutaka siku ya posa ya Amira mtu aje aseme mama wa huyu aliachika kwa miguu yake mwenyewe, kwa ajili ya ngoma. "Ndoa yangu ilifungwa na watu," alisema. "Haitafunguliwa na ndala." Amira akaolewa mwaka 1997, mle mle uani. Shakuru akaoa, akahamia Gasenyi. Lakini kuku aliyefungwa mguu siku nyingi, hata umfungue, bado atazunguka pale pale ilipoishia kamba. Bibi alibaki.

Kiwanja kile ni kidogo. Ukianza kukizunguka na Alhamdu mdomoni, hujafika "Amin" umekwisha kurudi ulipoanzia. Mle ndani alifanya kazi na kulea. Alikaanga sambusa na maandazi, akayauza kwa kupitisha mkono kwenye nafasi ya lango, na kuna wanunuzi waliomjua miaka mingi kwa mkono ule na bangili yake, uso hawakuwahi kuuona. Alasiri alisomesha watoto Kurani chini ya mlimau. Mtoto akikosea alimtazama tu, na mtoto alirudia mwenyewe.

Wakati wa vita, watu waliokimbia mitaa mingine walipita kwenye lango lile wakiwa na magodoro na watoto. Bibi aliwafungulia bila kuuliza kabila wala dini, wakalala hadi jikoni. Kulipotulia wakarudi kwao, mmoja mmoja. Yeye aliwasindikiza mpaka kizingitini.

Mama yake alipofariki mtaa wa Nyakabiga, mwaka 2003, wanaume walibeba jeneza wakazunguka njia ndefu ili lipite kwa Fatouma. Wakaliteremsha mbele ya lango. Alisoma Yasini yote akiwa amesimama, vidole vya miguu vimefika ukingo wa sementi. Alipomaliza akasema, "Asanteni, baba zangu, pitisheni," wakanyanyua. Wanawake waliobaki naye wanasema hakulia mpaka sauti za dhikri zilipopotea, ndipo akaomba apewe kazi ya kutwanga.

Soko kuu lilipoungua, Januari 2013, aliona moshi.

Si kwamba hakucheka. Jumamosi moja ya kazi za jamii, Jérémie, mkuu wa mtaa, alikuja mwenyewe langoni. Alikuwa mgeni kwenye kazi yake.

"Mama, sheria ni ya wote. Avenue nzima iko nje inalima mifereji, we uko ndani unakunywa chai."

"Mukubwa wangu, mi sikatai. Niletee mufereji humu ndani, nitaulima."

Watu waliegemea majembe kwa kicheko. Mwisho Jérémie naye akacheka, akakubali chai, na tangu hapo Bibi aliwapikia uji wafanyakazi wa Jumamosi kama sehemu yake.

Ugonjwa ulianza mwaka 2022: presha, kisha moyo, miguu ikivimba hadi magotini. Muuguzi alikuwa akija nyumbani, lakini daktari alisema wazi kwamba anatakiwa hospitali. Bibi akakataa. Shakuru alikwenda kwa shehe Ilyasi, akarudi mbio na furaha.

"Mama, shehe amesema mutu akibebwa kwa nguvu, si yeye aliyetoka! Tutakubeba. We utakataa, sisi tutakubeba."

Bibi akasema, "Mutanibeba sawa. Na nikifurahi njiani?"

Hakubebwa.

Mwezi wa Oktoba 2024 simu ikaja kutoka Kigoma. Mzee Tajudini alikuwa ameoa huko na kuzaa huko, na mke wa huko amefariki. Sasa alikuwa mgonjwa, watoto wa huko wamechoka, naye anataka kurudi kwake. Shakuru alilia. Mtu aliyekosa baba tangu akiwa na miaka kumi na minne, akimpata na mkongojo bado ni baba. Akafungua sauti ili wote wasikie, akampa mama yake simu.

"Tajudini," Bibi akasema, kama anaongea na mtu aliyetoka jana. "Ile siku kwenye mulango, ulikusudia nini?"

"Siku gani?"

"Ya arusi ya Sijaona. Ulisema nikivuka mbele hujarudi, nimeachika."

Kikapita kikohozi kirefu. "Mi nilisema ivyo? Aa, mama Shakuru, hayo ni ya kale, mi siyakumbuki. Muniwekee tu mukeke. Huku wanaita mugebuka, na hawajui kukaanga."

Bibi alirudisha simu, akaifuta kwanza kwa upindo wa kanga. "Hakumbuki," alisema. "Mi nimekaa ndani ya maneno yake, mwenyewe ameyasahau."

Nyumba nzima ilikuwa na furaha. Hesabu yao ilikuwa hii: mzee akiingia tu langoni, amerudi, kiapo kimekwisha, na siku hiyo hiyo Bibi atapelekwa hospitali, na ndoa yake iko salama. Chumba kikapakwa chokaa. Bibi aliwaacha. Alimwita shehe Ilyasi, ambaye sasa anaongozwa kwa mkono, akamkalisha kivulini.

"Shehe, nia imekufa. Yeye mwenyewe haijui. Imebaki nini?"

"Yamebaki maneno, kama yalivyosikiwa."

"Na kurudi ni nini? Akishuka bandarini, amerudi?"

Shehe akaweka kikombe chini. "Kurudi ni kufika pale ulipotoka. Yeye alitokea hapa mlangoni."

"Asante, shehe," Bibi akasema, akamjazia chai ya pili.

Yaliyotokea asubuhi ya Jumanne tarehe 12 Novemba 2024 yatasomwa mwisho, kwa agizo la marehemu. Kwanza tumalize habari ya kifo, maana ndicho kilichotukusanya.

Tangu siku ile marehemu alikaa hapa Nyakabiga, kwa mdogo wake Sijaona, katika nyumba hii ambayo hakuwahi kuiona. Miezi mitatu ya kwanza alikaa eda ya mke aliyeachwa, na shehe akamruhusu kuikalia hapa kwa kuwa nyumba ya Buyenzi ilikuwa na mwanamume asiye mumewe tena. Hospitali aliruhusiwa, akaenda, lakini moyo ulikuwa umekwisha kuchoka. Eda ilipomalizika, katikati ya Februari, alipata mwezi mmoja wa kutembea. Alipelekwa kwenye kaburi la mama yake. Alipelekwa ziwani, akalalamika kwamba maji yamesogea na wale wauza karanga hawapo. Aliomba kuona soko kuu, akakuta uzio. "Kumbe ni kweli," alisema. "Mi nilizani munanidanganya ili nisione hamu." Ramadhani ilipoingia alisali tarawehe msikitini, safu ya wanawake, juu ya kiti.

Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, muda mfupi kabla ya magharibi, akiwa amefunga, bakuli la uji limekwisha kuwekwa mbele yake. Alizikwa kesho yake, Jumamosi.

Ameacha watoto wawili, Shakuru na Amira, mdogo wake Sijaona, wajukuu saba, mkubwa wao Lubna aliyelelewa naye, kitukuu mmoja, jirani yake mama Caritas, ambaye aliagiza ahesabiwe humu, na wanafunzi wa Kurani ambao hakuna anayejua idadi yao. Hakuacha mume.

Hapo palikuwa na maneno. Shakuru alitaka iandikwe kwamba ameacha mume, kwa heshima ya baba, ambaye yu hai, anakaa katika nyumba ya Buyenzi, na leo yuko pamoja nasi. Bibi mdogo Sijaona alikataa. Alisema, "Alilipa nini huyo mutu, hata mumurudishe kwa kalamu?" Mwisho Shakuru mwenyewe alisema isomwe kama alivyotaka mama. Mzee Tajudini tunamheshimu kama baba wa watoto wake, na tunamwomba atusikilize kwa subira.

Mwenyezi Mungu ampanulie Bibi Fatouma kaburi lake, alitie nuru na hewa, na kila mlango alionao mbele yake aukute wazi.

Sasa asubuhi ile.

Meli ya Kigoma ilikuwa imetia nanga, na Shakuru amekwenda na teksi bandarini kumpokea baba yake. Nyumbani walibaki wanawake wakipika. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, yeye mwenyewe akikaanga mukeke, na hakutaka kusaidiwa. Simu ya Amira ikalia.

"Ameshuka!" Amira akasema. "Wako kwa watu wa forodha, wanafungua mizigo."

"Bado hajafika hapa?"

"Bado, mama. Nusu saa ivi."

Bibi akageuza samaki upande wa pili asiungue, akampa Amira kijiko. Akaingia ndani, akaoga, akatawadha. Alipotoka alikuwa amevaa baibui nyeusi ambayo Shakuru alimnunulia Idi ya miaka mingi iliyopita. Mikunjo ya dukani ilikuwa bado ipo, kwa kuwa haikuwahi kupata pa kwenda. Viatu vilikataa miguu iliyovimba. Akavaa ndala za bafuni, akaenda langoni, akavuta komeo.

Mama Caritas alikuwa nje akingoja kuona mgeni. "Fatouma, unaenda wapi? Ngoja kidogo tu! Akiingia umekuwa huru!"

"Huru wa kumukaangia samaki."

"Ni muzee, dada. Amekuja kufa. Muhurumie."

"Nimemuhurumia. Chumba kimepakwa, chakula iko motoni, watoto wake wako hapa." Bibi akashika nguzo ya lango. "Caritas, ile siku we ulisikia."

"Nilisikia."

"Alisema nini?"

Mama Caritas alitazama chini. Alitazama avenue, kule teksi itakapotokea. Kisha akasema, polepole, "Alisema ukivuka mbele hajarudi, umeachika. Talaka tatu."

"Basi angalia vizuri, wasije kukuuliza ukakosa jibu."

Amira akatoka mbio jikoni, kijiko kinadondosha mafuta. "Mama! Baba akifika, tumuambie nini?"

"Mumuambie nilimungoja."

Akasema bismillahi, akavuka. Alisimama kidogo upande wa pili, kama mtu aliyeingia kwenye maji baridi. Kisha akashika njia ya Nyakabiga, akatembea katikati ya barabara, kama watu walivyokuwa wakitembea mwaka 1986. Gari la mchanga likampigia honi kwa nyuma. Hakusogea, hakugeuka, na hakurudi.